Gugu la Kimilili, Mbegu ya Kitale

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wa Kimilili, chini ya Mlima Elgon, wang'oe gugu moja mashambani mwao. Ni gugu ambalo mkulima wa Bungoma hulitambua hata akifumba macho: majani membamba, maua madogo ya rangi ya manjano hafifu, na harufu kali inayong'ang'ania mikononi hadi jioni baada ya palizi. Asili yake ni Amerika Kusini, na katika nyanda za juu za Kenya lilienea zama hizo hizo za ukoloni. Sasa mwenyeji alitakiwa alitoe kwa jasho lake, bila malipo, huku chifu akisimamia. Wengi waling'oa. Elijah Masinde alikataa.

Alipokamatwa mwaka 1945 hakuishia jela kama wakaidi wengine. Alipelekwa Nairobi, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akakaa huko hadi 1947. Kwa macho ya wakubwa wa wilaya, mtu anayekataa kilimo bora, anayewataka Wazungu waondoke na anayewaombea wafu waliokufa miaka 50 kabla ya hapo, hakuwa na akili timamu.

Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale, si mbali na Kimilili, kilitoa mbegu chotara ya mahindi iliyoitwa H611. Mbegu hiyo ilimtaka mkulima aache desturi ya kujiwekea mbegu, aende dukani kila msimu na pesa mkononi, apande kwa mistari na kwa vipimo. Ilitaka mabadiliko makubwa kuliko kung'oa gugu. Na watu wale wale, majirani na watoto wa waliomfuata Masinde, waliipokea kwa kasi iliyowashangaza wachumi. Mmarekani John Gerhart, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1975, alionyesha kwamba mbegu chotara ilienea magharibi mwa Kenya kwa kasi sawa na ile ya wakulima wa Marekani wa miaka ya 1930 na 1940, na mahali pengine kwa kasi zaidi.

Habari hizi mbili kwa kawaida husimuliwa na watu tofauti. Wanahistoria wa siasa wanamsimulia Masinde. Wachumi wa kilimo wanaisimulia mbegu. Mimi nadhani ni habari moja, na wanaozitenganisha ndio wanaoishia kuamini kwamba kuna watu wa kale na watu wa kisasa, na kwamba kazi ya historia ni kuwavusha hawa wawe wale.

Tuanze na bunduki, maana ndiyo iliyotangulia. Mwishoni mwa karne ya 19 Wabukusu, watu wa Kimilili na Bungoma, waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki, walivyoviita chingoba. Hawakuwa watu waliojificha wasijue yanayopita. Misafara ya pwani ilifika Mumias kwa Nabongo Mumia wa Wawanga, na bunduki zikafika pia mikononi mwa Wabukusu, nyingine kutoka kwa askari wa Kisudani waliotoroka jeshi la Waingereza. Mwishoni mwa mwaka 1894 kikosi cha Wasudani kilitumwa kwenda kuzidai bunduki hizo. Kilishambuliwa, na karibu chote kikaangamizwa.

Agosti 1895 C. W. Hobley, ofisa aliyekuwa Mumias, alirudi na jeshi la Wasudani, Waganda, Wawanga na Wamasai. Lumboka, ngome iliyokuwa karibu na Bungoma ya leo, ikaanguka kwanza. Waliosalia walikimbilia ngome ya Chetambe, mzee wa Kitachoni, kwenye kilima kinachoitazama Webuye, nayo ikachukuliwa. Waliokufa humo hawakuzikwa kwa utaratibu. Jambo hilo tutalirudia.

Vitabu vya zamani huyaita matukio kama haya kukutana kwa ustaarabu na ushenzi. Lakini chanzo cha vita hivyo ni kwamba Wabukusu walikuwa na bunduki na hawakutaka kuzirudisha. Silaha mpya kabisa ya zama zile waliitafuta, wakaipata, wakapigwa kwa kosa la kuwa nayo.

Mwaka 1902 wamisionari watatu wa Marekani wa madhehebu ya Marafiki, yaani Quaker, walifungua kituo Kaimosi, na mwaka 1914 wenzao wakafika Lugulu, ndani ya Bubukusu. Misheni yao iliitwa ya viwanda, na kweli walikuja na msumeno wa mbao, ufundi wa matofali na plau pamoja na Injili. Wakatoliki wa Mill Hill wakafungua Kibabii mwaka 1931. Waliobatizwa waliitwa basomi, wasomaji. Msomi alijulikana kwa mambo mengi kwa pamoja: alisoma Biblia, alivaa nguo za kushonwa, alioa mke mmoja, hakunywa pombe ya busaa, alijenga nyumba ya pembe nne badala ya msonge. Kwa mmisionari mambo hayo yalikuwa kifurushi kimoja. Ukitwaa plau umetwaa na Injili. Ukirudia busaa umerudi gizani kote.

Wabukusu walikifungua kifurushi. Alikuwapo mzee asiyejali ubatizo ambaye alinunua plau na jozi ya maksai kabla ya jirani yake msomi. Plau ilimwezesha kulima ekari nyingi, ekari nyingi zikataka mikono ya palizi, na palizi ilikuwa kazi ya wanawake. Basi plau hiyo hiyo iliyosifiwa kanisani ikawa sababu nzuri ya kuoa mke wa pili. Kufikia miaka ya 1930 wilaya yao ya Kavirondo Kaskazini ilikuwa na vinu vya kusagia vilivyozungushwa na maji, na wenyeji walikuwa miongoni mwa wenye vinu. Mahindi meupe yalianza kulisogeza wimbi pembeni ya shamba. Hakuna aliyewalazimisha. Mahindi yalikuwa na soko, hayakuhitaji kulindwa dhidi ya ndege kama wimbi, na kinu kiliyasaga kwa dakika chache.

Upande wa Kitale mambo yalikwenda kwa namna nyingine kabisa. Nyanda za Trans Nzoia, ambazo kabla ya hapo Wasabaoti, Wapokot na Wamasai walizijua kama malisho, ziligawiwa Wazungu, na baada ya mpango wa 1919 wa kuwapa ardhi wanajeshi waliotoka vitani, mashamba yakajaa. Mji ulianzishwa mwaka 1920. Reli ilifika mwaka 1926, tawi lililoachana na njia kuu pale Leseru. Mwaka huo huo mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, ofisa wa jeshi aliyependa kukusanya vipepeo, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji, alianzisha jumba lake la makumbusho. Baada ya kifo chake mkusanyo huo ukawa msingi wa Makumbusho ya Kitale yaliyofunguliwa mwaka 1974. Nenda ukaone: vipepeo wamepangwa kwa safu, kila mmoja na pini yake. Katika zama za Stoneham, mkuki wa Mpokot na kipepeo wa Elgon viliwekwa katika mkusanyo mmoja, na mwenye mkusanyo hakuona ajabu.

Mlowezi wa Trans Nzoia alijiona ndiye usasa wenyewe. Alikuwa na ekari kwa mamia, kisha trekta, hesabu za benki na klabu. Lakini usasa wake ulisimama kwa magongo. Bei za mahindi zilipoanguka miaka ya 1930, wengi walibaki kidogo tu wafilisike. Vita vilipoanza serikali iliwaokoa: mwaka 1942 ukawekwa udhibiti wa mahindi, Mzungu akahakikishiwa bei, na Mwafrika akalipwa kidogo kuliko yeye kwa gunia lile lile. Na vibarua wake walikuwa nani? Wengi walitoka Bungoma. Walikaa mashambani kama maskwota, wakitoa siku za kazi kwa mwaka ili wapate kipande cha kulima na ruhusa ya kuchunga ng'ombe wachache. Idadi ya ng'ombe hao iliendelea kupunguzwa kwa amri. Ukimuuliza skwota wa Kitale mwaka 1945 maisha ya kisasa ni nini, angeweza kukuonyesha trekta. Lakini angekuonyesha pia kipande cha kazi mfukoni mwake.

Sasa turudi kwa Masinde, maana mtu huyu hakuwa vile walivyomdhania. Alizaliwa Maeni, Kimilili, karibu mwaka 1910. Alisoma katika shule za Marafiki. Alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alifanya kazi ya kupeleka hati za mahakama ya wenyeji, kazi iliyotaka mtu anayejua kusoma na anayezielewa karatasi za serikali. Kanisa lilimtenga katikati ya miaka ya 1930 kwa sababu ya kuoa mke wa pili. Hivyo kabla ya kuanza kuhubiri alikwishapita katika shule, kanisa, mahakama na uwanja wa mpira, vyote vinne vya Kizungu. Hakukuwa na wengi Kimilili walioijua serikali kwa ndani kumshinda.

Dini ya Msambwa, aliyoianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1940, ilifundisha kumwabudu Wele, Mungu wa Wabukusu, na kuwaheshimu misambwa, mizimu ya wahenga, huku nyuso zikielekezwa Mlima Elgon. Biblia haikutupwa. Masinde aliyasoma mambo ya Ibrahimu na Yakobo, wenye wake wengi na mifugo mingi na sadaka za kuteketezwa, akaona wazi kwamba wazee hao wanafanana na babu zake kuliko na mmisionari wa Lugulu. Akadai kitu ambacho shule yenyewe ilimfundisha kudai: kila taifa lina dini yake, historia yake, mashahidi wake.

Aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe. Pale kilimani walichinja kafara, wakawaombea waliouawa mwaka 1895, wakayafanya matanga ambayo hayakuwahi kufanywa. Serikali iliona uchawi na uchochezi. Mimi naona sherehe ya aina inayofanywa London kila Novemba kwa ajili ya wafu wa vita, tena kwa sababu ile ile: watu wanaojiona kuwa taifa huhitaji mahali pa kuwakumbuka waliowafia.

Turudi kwenye gugu na Mathari. Na hapa tusimame kidogo, kwa sababu Mathari inatupeleka mbali na Kimilili.

Mkuu wa hospitali ile tangu 1938 hadi 1950 alikuwa daktari J. C. Carothers. Alipewa wadhifa huo bila kuwa amesomea hasa magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa, na baadaye serikali ya Kenya ikamwagiza aandike kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Hoja yake kwa ufupi ni hii: Mwafrika ni salama akibaki ndani ya kabila lake, ambako mila inamfikiria; akitolewa humo na shule, mji na mshahara, akili yake inayumba. Waasi, kwa maelezo hayo, walikuwa watu waliozidiwa na mabadiliko.

Maneno hayo yalisomwa dunia nzima. Frantz Fanon, daktari wa akili mzaliwa wa Martinique aliyefanya kazi Algeria, aliyachambua kwa ukali mwaka 1961. Lakini huhitaji kwenda Algeria kuyapinga. Wodini mwa Carothers mwenyewe alipita mgonjwa ambaye malalamiko yake yote yalihusu ardhi, kazi ya kulazimishwa na wafu wasiozikwa. Malalamiko hayo leo tungeyaweka katika ripoti ya tume, na tumewahi kuyaweka.

Masinde alitoka mwaka 1947 na dini ikawaka upya, hadi kwa vibarua wa Trans Nzoia. Februari 1948 umati ulielekea kituo cha polisi cha Malakisi. Polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, na Masinde akakamatwa na kupelekwa Lamu, ambako alizuiliwa hadi karibu na uhuru. Huko Pokot tawi la dini hiyo chini ya Lukas Pkiech lilipambana na askari Kolloa mwezi Aprili 1950, na damu nyingi ikamwagika pande zote mbili.

Uhuru ulikuja, Masinde akawa nyumbani, na mtu angetarajia aketi mbele kwenye jukwaa. Serikali ya Kenyatta iliipiga marufuku dini yake mwaka 1968, naye akarudi kizuizini. Kilimo bora, chifu na ofisi ya DC havikuondoka na mkoloni. Masinde alikufa mwaka 1987, akiwa mzee ambaye serikali mbili zilimwona msumbufu.

Mbegu nayo ina historia yake, na ilianza ikiwa ya wenye nguvu. Mwaka 1955 Michael Harrison alianza kazi ya kuzalisha mahindi katika kituo cha Kitale. Mwaka uliofuata walowezi wa hapo wakaanzisha Kampuni ya Mbegu ya Kenya, kwanza kwa ajili ya mbegu za majani ya malisho. Mwaka 1961 ikatoka Kitale Synthetic II, iliyochaguliwa kutoka mahindi ya walowezi. Harrison alikuwa amesafiri hadi Amerika ya Kati na Kusini, nyumbani kwa mahindi, akarudi na aina nyingi, mojawapo ikipewa jina Ecuador 573, mahindi ya milimani. Alipoyaunganisha na yale ya Kitale, watoto wao walizaa kuliko wazazi wote wawili. Ndiyo H611 ya mwaka 1964.

Ajabu ya saa yenyewe! Mbegu iliyotengenezewa mlowezi ilikamilika wakati mlowezi anafungasha. Mashamba yalikuwa yakigawanywa kuwa mipango ya makazi, mengine yakinunuliwa na makampuni ya wananchi waliochangishana, na makubwa machache yakibaki kwa shirika la serikali la ADC. Mnunuzi aliyebaki ni mwenye ekari tatu, nne. Kampuni ya mbegu ikafanya jambo la busara: ikawauzia wenye maduka ya vijijini. Mbegu ilikaa rafu moja na sabuni, chumvi na mafuta ya taa, ikiuzwa na mtu anayemjua mnunuzi na baba yake.

Kabla ya hapo mbegu ilichaguliwa wakati wa kuvuna. Mama alitenga magunzi manene yenye mistari iliyonyooka, akayakunja maganda nyuma, akayafunga mawili mawili na kuyaning'iniza juu ya meko. Moshi uliyapaka weusi na kuwafukuza wadudu. Machi mvua zikianza, yalishushwa na kupukuchuliwa. Kazi hii ilikuwa ya jikoni na elimu yake ilikuwa ya jikoni. Mbegu chotara ilizivunja zote mbili: ukihifadhi punje za H611 na kuzipanda mwaka wa pili, nguvu yake inapungua. Lazima urudi dukani. Kilo 10 kwa ekari, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, kamba iliyonyooshwa kutoka mpaka hadi mpaka, mtoto mmoja akichimba, mwingine akitia mbolea, wa tatu akidondosha punje.

Kwa nini basi walikubali, tena upesi hivyo? Hawakusukumwa na chifu. Mwaka wa kwanza alipanda mmoja, labda mwalimu wa shule au mwenye shamba lililo kando ya barabara, na wapita njia wote wakaona. Mbegu ilizidi hata bila mbolea na hata kwa palizi ya kuchelewa. Mavuno yalikuwa ya mkulima mwenyewe, ghalani mwake, na ile bei ya ubaguzi ilikuwa imeondoka. Huko chini ambako mvua ni haba, mbegu ya kukaa shambani miezi sita na zaidi ilikuwa kamari, na wakulima wa huko walisita. Walikuwa watu wa zama zile zile, wenye akili ile ile ya kupiga hesabu, ila hesabu yao ilitoa jibu tofauti.

Linganisha na Iowa, Marekani, ambako mbegu chotara zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Watafiti Ryan na Gross waliwahoji wakulima 259 katika vijiji viwili vya huko. Wote isipokuwa wawili walikuwa wamekwisha kuikubali kufikia 1941, lakini wengi walisubiri miaka, wakijaribu ekari chache kwanza na kumtazama jirani. Hakuna daktari aliyeandika kitabu juu ya akili ya mtu wa Iowa kwa sababu ya kusita kwake. Kusita kwake kuliitwa tahadhari.

Na lile wimbi lililosogezwa pembeni je? Halikutoweka. Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama ilivyokuwa zamani, Wabukusu huwatahiri vijana. Kijana huzunguka kwa jamaa zake akipiga chinyimba, kengele za chuma za mkononi. Alfajiri ya siku yenyewe hupakwa tope la mtoni na kusimama uani kwa baba yake bila kupepesa macho. Tarehe zimepangwa zilingane na likizo ya shule. Familia nyingine siku hizi humpeleka mtoto hospitali na kufanya karamu nyumbani. Nyingine huja na mtahiri wa jadi mwenye kisu kipya kwa kila kijana. Kote pombe inahitajika, na pombe ni busaa.

Itazame inavyotengenezwa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana au pipa lililopasuliwa, wanawake wakiugeuzageuza kwa sepetu hadi uwe kahawia na nyumba zote za karibu zipate harufu. Baadaye hutiwa maji na kimea, na kimea hicho ni cha wimbi lililolowekwa, likachipua, likaanikwa juani. Bila kimea cha wimbi hakuna busaa. Wazee hukaa kuizunguka wakiinywa kwa mirija mirefu. Humo chunguni mna mahindi yenye damu ya Ecuador yaliyozalishwa na Mwingereza Kitale, na wimbi la babu. Hakuna anayeketi hapo akaona kuna mgongano wa zama mbili.

Usasa mwingine ulikuja kwa ukubwa zaidi, na huo wenyeji hawakupewa nafasi ya kuujaribu kwa ekari moja. Webuye, chini ya kilima cha Chetambe, kilijengwa kiwanda cha karatasi cha Panpaper, ubia wa serikali, mwekezaji kutoka India na shirika la fedha la Benki ya Dunia. Kilianza kazi katikati ya miaka ya 1970. Moshi wake ulinuka hadi maili kadhaa, na watu waliuzoea kwa sababu ulinuka mshahara. Nyumba za wafanyakazi, shule, maduka na timu ya mpira vyote vilikitegemea. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kusaga mwaka 1978, na mashamba ya miwa yakazunguka Bungoma. Kwa kizazi kimoja Webuye palikuwa mahali ambapo kijana alitoka shuleni akaingia zamu.

Mwanzoni mwa 2009 Panpaper ilifungwa. Madeni, umeme na usimamizi mbaya vyote vilitajwa. Jitihada za kuifufua hazikudumu, hadi ilipouzwa kwa kundi la Rai mwaka 2016 na kurudi kazini ikiwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Mwanaanthropolojia James Ferguson aliandika mwaka 1999 juu ya wachimba shaba wa Zambia ambao waliahidiwa maisha ya kisasa, wakaonjeshwa, kisha wakayaona yakiondoka. Kwao kisasa kikawa kitu cha jana. Mtu wa Webuye hahitaji kufafanuliwa hilo. Waliokuwa na shamba walirudi shambani. Waliokuwa wameuza shamba ili wapange mjini hawakuwa na pa kurudi.

Na waliorudi shambani walipanda nini? Wengi walipanda 614. Kitale na Bungoma watu hutaja tarakimu tu, kama jina la jamaa. H614 ni mjukuu wa H611, na aina inayopandwa zaidi, H614D, ilitolewa mwaka 1986. Tangu hapo zimetoka mbegu mpya kwa makumi, za Kampuni ya Mbegu ya Kenya na za makampuni ya kigeni, zinazosifiwa kuzaa zaidi, kukomaa mapema au kustahimili magonjwa. Wataalamu wanasikitika kwamba mkulima wa nyanda za juu anang'ang'ania mbegu ya zamani. Katika semina utasikia lawama zile zile zilizosemwa juu ya babu yake: hapendi mabadiliko, hajaelimika, ameshikilia mazoea.

Mimi ningewaomba wataalamu hao wasome kwanza historia ya kituo chao wenyewe. Mkulima wa Kiminini au Kimilili anaijua 614 kwa miaka zaidi ya 30: anajua inavyosimama upepo ukipiga, inavyosagika kinuni, ganda lake linavyofunika gunzi mvua za Oktoba zisipoisha, na unga wake unavyokaa kwenye bati la busaa. Anayetaka aiache, ampandie ile mpya mistari michache kando ya 614, shambani kwake mwenyewe, na mwisho wa msimu wavune pamoja.